Kutoka Kufunga Vitabu Hadi Kushauri Biashara: Mwongozo Kamili kwa Mhasibu

Mama mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi aliifungua ripoti ya mwaka niliyompelekea, akashuka na kidole hadi mstari wa faida. Milioni 21.5. Akavuta droo, akatoa taarifa ya benki, akailaza juu ya ripoti yangu. Salio lilikuwa milioni 3.1.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii faida unayoniambia iko wapi?"

Jibu lilikuwemo kwenye ripoti ileile, ukurasa wa nne, na nililiandaa kwa mkono wangu. Mwaka hadi mwaka nilikuwa nikimpa karatasi yenye jibu bila kumpa jibu lenyewe. Siku ile ndipo nilipoanza kazi ya ushauri, ingawa jina hilo sikulijua bado.

Tuna msemo wetu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wahasibu tumeushika upande wa daftari, na tumeushika vizuri: leja zinalingana, urari unakaa sawa, kodi inawasilishwa kwa wakati. Habari ndiyo haimfikii mwenye mali. Ushauri wa biashara ni kuifikisha habari hiyo mapema, kwa lugha anayoielewa, wakati bado ana nafasi ya kuamua jambo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufika huko kutoka hapo ulipo, ukiwa na wateja ulionao na ujuzi ulionao.

Hatua ya 1: Safisha daftari kwanza

Huwezi kumshauri mtu kwa tarakimu za miezi minane iliyopita. Ukimwambia mteja mwezi wa tisa kwamba alipata hasara mwezi wa kwanza, umemsimulia historia. Kwa hiyo kabla ya kufikiria ushauri, jiwekee lengo moja: vitabu vya mteja vifungwe kila mwezi, na visipite siku 10 baada ya mwezi kuisha.

Wahasibu wengi hukwama hapa kwa sababu mteja huleta risiti zikiwa zimejaa mfuko mwishoni mwa mwaka. Usimlaumu. Mrahisishie. Akaunti ya biashara itenganishwe na ya nyumbani. Ankara zipigwe picha siku zilipopokelewa. Malipo yapitie benki au simu badala ya fedha taslimu pale inapowezekana, ili yajiandikie historia yenyewe. Programu za uhasibu za mtandaoni zinazovuta miamala moja kwa moja kutoka benki zimepunguza sana kazi ya kuingiza tarakimu kwa mkono, na saa unazookoa hapo ndizo utakazozitumia kushauri.

Halafu panga upya orodha ya akaunti. Akaunti moja iitwayo "mauzo" haimfai mshauri. Igawe kwa aina ya bidhaa, au kwa tawi, au kwa aina ya mteja, kulingana na maamuzi anayoyafanya mwenye biashara. Vilevile tenganisha gharama zinazopanda na kushuka pamoja na mauzo na zile zinazobaki palepale hata duka likifungwa wiki nzima. Kazi hii ni ya siku moja kwa kila mteja, na bila hiyo hesabu nyingi zilizo mbele haziwezekani.

Hatua ya 2: Jua mpaka kati ya ukaguzi na ushauri

Hili ni jambo zito, nami nalitaka lieleweke kabla hujampigia mteja simu.

Kampuni ya Enron ya Marekani ilifilisika mwezi Desemba 2001. Mkaguzi wake, kampuni ya Arthur Andersen, mwaka 2000 alilipwa takriban dola milioni 25 kwa ukaguzi na takriban dola milioni 27 kwa huduma nyingine, ushauri ukiwemo. Watu wakauliza swali la haki: mtu anayepata zaidi kwa kushauri kuliko kwa kukagua, atathubutu kumwambia mteja kwamba hesabu zake zina kasoro? Mwaka 2002 Marekani ikatunga sheria ya Sarbanes-Oxley, na kifungu chake cha 201 kikawakataza wakaguzi wa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa kuzipa kampuni hizohizo huduma kadhaa, zikiwemo kutunza vitabu, kubuni mifumo ya taarifa za fedha na kufanya tathmini ya thamani.

Kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu, zinazotolewa na IESBA, yaani bodi ya kimataifa ya viwango vya maadili kwa wahasibu, zinataja misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na umakini wa kitaaluma, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Zinataja pia vitisho vitano dhidi ya misingi hiyo. Kwa mshauri, kikubwa zaidi ni kujikagua mwenyewe: umemshauri mteja namna ya kuthamini bidhaa zake, kisha mwisho wa mwaka unakuja kukagua thamani uliyoipanga wewe.

Kwa vitendo, gawa wateja wako katika makundi mawili. Unaowatunzia vitabu na kuwaandalia kodi bila kuwakagua wana nafasi pana ya ushauri. Unaowakagua wana nafasi finyu, na kwa kampuni zenye maslahi ya umma, kama benki na zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, nafasi hiyo imebanwa zaidi. Soma kanuni za bodi ya uhasibu inayokusajili, maana mara nyingi zinaongeza masharti yake. Na kwa mteja yeyote unayemkagua, usimfanyie maamuzi ya uongozi kamwe. Kama mteja wa ukaguzi anahitaji ushauri mzito, mpeleke kwa mwenzako unayemwamini. Mara nyingi mwenzako naye atakurudishia mteja wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Anza na mteja mmoja

Usichapishe vipeperushi. Usibadilishe jina la ofisi. Chukua orodha ya wateja ulionao na umtafute mmoja mwenye sifa hizi: biashara yake ina uhai na inakua, vitabu vyake vinasomeka, huwa anakuuliza maswali yanayozidi kodi, na ukimwambia jambo gumu hakasiriki hadi akahamia kwa mhasibu mwingine.

Sifa ya tatu ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. Mteja anayekuuliza "niongeze gari la pili?" au "nimwajiri mtu wa mauzo?" tayari anakuomba ushauri, ila wewe umezoea kumjibu dakika mbili mlangoni bila kulipwa, bila hesabu, na bila kukumbuka kesho yake ulichomwambia. Rudi kwenye simu zako na jumbe zako za miezi mitatu iliyopita, uandike kila swali la namna hiyo uliloulizwa. Orodha hiyo ndiyo soko lako.

Mwenye biashara inayozama hafai kuwa wa kwanza. Anahitaji msaada, ndiyo, lakini kazi yake inahitaji mtu aliyekwisha kuiva, na muda wa kujifunza haupo.

Hatua ya 4: Nenda kwenye biashara yenyewe

Mhasibu anaijua biashara kupitia karatasi. Mshauri anapaswa kusimama stoo. Omba nusu siku, uende, uangalie. Bidhaa gani zina vumbi? Nani anaidhinisha mteja kuchukua mali kwa mkopo? Ankara hutoka siku mzigo unapoondoka, au mwisho wa wiki karani akipata nafasi? Kwenye duka la yule mama nilikuta ankara zinaandikwa kila Ijumaa. Mzigo wa Jumatatu ulikaa siku nne bila mteja kudaiwa chochote, na kwenye leja nisingeliona jambo hilo hata ningeikodolea macho mwezi mzima.

Kisha kaa na mwenye biashara, umuulize, unyamaze. Kitu gani kinakunyima usingizi? Ungependa biashara hii ikufikishe wapi baada ya miaka mitatu? Uamuzi gani unauahirisha? Kuna ambaye anataka kukua, kuna anayetaka kupumzika, na kuna anayetaka kumwachia mwanawe. Ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumwangusha mwingine.

Hatua ya 5: Jibu swali la fedha

Kati ya huduma zote unazoweza kutoa, anza na fedha taslimu. Ina nyenzo unazozijua tayari, matokeo yake yanaonekana ndani ya wiki chache, na ndilo jambo linaloua biashara zenye faida.

Nirudi kwa swali la yule mama. Nimezirahisisha tarakimu ili hesabu ifuatike. Mauzo ya mwaka yalikuwa milioni 365, sawa na milioni 1 kwa siku. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ilikuwa milioni 255.5, yaani milioni 0.7 kwa siku. Faida baada ya gharama zote, mshahara wake mwenyewe ukiwemo, ilikuwa milioni 21.5.

Mwanzo wa mwaka wadaiwa walikuwa na milioni 40 zake; mwisho wa mwaka milioni 52. Bidhaa stoo zilipanda kutoka milioni 38.5 hadi milioni 49. Deni lake kwa wasambazaji lilibaki milioni 21. Sasa jumlisha: milioni 12 zaidi zimeingia mikononi mwa wateja wake, milioni 10.5 zaidi zimelala rafuni. Jumla milioni 22.5. Faida ya milioni 21.5 imekwenda huko yote, na milioni 1 nyingine imetoka benki kuifuata. Ndiyo maana salio lilishuka kutoka milioni 4.1 hadi milioni 3.1 katika mwaka wa faida.

Taarifa ya mtiririko wa fedha, ile ya IAS 7 (kiwango cha kimataifa cha uhasibu) kwa njia inayoanza na faida, inasema hivyohivyo neno kwa neno. Tunaiandaa kila mwaka. Tatizo ni kwamba tunaiandaa kwa ajili ya faili.

Sasa zigeuze tarakimu kuwa siku, maana siku zinaeleweka kwa kila mtu. Wadaiwa milioni 52 ukigawa kwa mauzo ya siku moja unapata siku 52. Bidhaa milioni 49 ukigawa kwa 0.7 unapata siku 70. Wasambazaji milioni 21 ukigawa kwa 0.7 unapata siku 30. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu: siku 92. Nilimwambia hivi: "Mama, shilingi unayotoa leo kumlipa msambazaji inarudi mfukoni mwako baada ya miezi mitatu." Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza nani hasa kati ya wateja anachelewa. Hapo mazungumzo yalikuwa yameshahama kutoka kwenye ripoti yangu na kuingia kwenye biashara yake.

Hatua inayofuata ni kuonyesha kinachowezekana. Wadaiwa wakirudi siku 40, milioni 12 zinaachiwa. Bidhaa zikishuka hadi siku 55, zinaachiwa milioni 10.5. Hiyo ni zaidi ya faida ya mwaka mzima, bila kukopa na bila kuuza msumari mmoja wa ziada. Usimwahidi kwamba itatokea. Mwonyeshe ukubwa wake, halafu mpange pamoja nani atafanya nini: ankara zitoke siku ya mzigo, wadaiwa watano wakubwa wapigiwe simu na mwenye duka mwenyewe, na bidhaa ambazo hazijauzwa kwa siku 120 ziorodheshwe na zitolewe kwa bei ya kuzisukuma.

Hatua ya 6: Jenga makisio ya wiki 13

Siku 92 zinaeleza yaliyopita. Ili umsaidie kuamua, mtengenezee makisio ya fedha ya wiki 13, yaani robo mwaka. Kwa nini wiki na si miezi? Kwa sababu mishahara na kodi haviangukii "mwezini", vinaangukia tarehe fulani, na biashara inaweza kufunga mwezi ikiwa na salio zuri huku katikati yake hundi ilirudi.

Fungua lahajedwali. Safu 13, moja kwa kila wiki. Juu kabisa salio la kuanzia. Chini yake fedha zitakazoingia: mauzo ya taslimu, kisha makusanyo ya wadaiwa, jina kwa jina kwa wale wakubwa. Chini yake zitakazotoka: wasambazaji, mishahara, pango, kodi, marejesho ya mkopo, matumizi ya mwenye mali. Mwisho salio la kufungia, linalohamia juu ya safu inayofuata.

Wiki nne za kwanza za yule mama zilikaa hivi. Alianza na milioni 3.1. Wiki ya kwanza ziingie 6.5, zitoke 5.6, zibaki 4.0. Wiki ya pili ziingie 7.0, zitoke 6.2, zibaki 4.8. Wiki ya tatu ziingie 5.8, zitoke 6.9, zibaki 3.7. Wiki ya nne, yenye mishahara, pango na kodi, ziingie 6.4, zitoke 11.3. Salio: hasi milioni 1.2.

Aliliona shimo hilo wiki tatu kabla hajalifikia. Wiki tatu zinatosha kumwomba msambazaji mmoja asogeze malipo, au kumbana mdaiwa mmoja mkubwa. Ukiligundua siku yenyewe, kinachobaki ni mkopo wa haraka wenye riba ya kutisha.

Kila Jumatatu jaza tarakimu halisi kando ya makisio, na uulize kwa nini zimetofautiana. Makisio ya kwanza yatakosea sana. Hiyo ni kawaida, na usiyafiche kwa mteja. Kufikia wiki ya sita utaanza kuijua tabia ya biashara: mteja fulani hulipa siku ya 45 daima, hata aahidi nini.

Hatua ya 7: Ingia kwenye bei

Fedha zikitulia, mazungumzo yanayofuata karibu kila mara ni ya bei. Wenye biashara wengi hupunguza bei kwa hisia, na hapa mhasibu ana hesabu fupi yenye nguvu kubwa.

Chukua bidhaa inayouzwa 100 na kununuliwa 70. Faida ghafi ni 30. Mwenye duka anataka kutoa punguzo la asilimia 10 "ili tuuze zaidi". Bei mpya ni 90, faida ghafi ni 20. Ili arudi palepale alipokuwa, lazima auze mara 1.5 ya mwanzo: asilimia 50 zaidi. Muulize tu: je, unaamini punguzo hili litakuletea nusu nyingine ya wateja ulionao? Wengi huiondoa kalamu kwenye karatasi wakati huohuo.

Geuza hesabu upande wa pili pia. Akipandisha bei kwa asilimia 5, faida ghafi inakuwa 35. Anaweza kupoteza hadi kiasi cha asilimia 14 ya mauzo yake kabla hajawa pabaya kuliko mwanzo. Mpe namba zote mbili, uamuzi aufanye yeye. Yeye ndiye anayewajua wateja wake na anayemjua mshindani aliye ng'ambo ya barabara.

Lahajedwali limetuzoesha maswali ya "je, ikiwa". Tangu VisiCalc, programu ya mwanzo ya lahajedwali, ilipoanza kuuzwa mwaka 1979, kubadili namba moja na kuona jumla yote ikijipanga upya ni kazi ya kufumba na kufumbua. Tumia uwezo huo mbele ya mteja, skrini ikiwa kati yenu. Mwache abadilishe namba mwenyewe. Namba aliyoiandika kwa kidole chake haiisahau.

Hatua ya 8: Mkutano wa kila mwezi

Ushauri hufaulu au hufa kwenye mkutano. Nimeona wahasibu wenye uchambuzi mzuri sana wakimpoteza mteja ndani ya dakika kumi kwa sababu waliingia na kurasa 30.

Peleka ukurasa mmoja. Juu yake weka namba tano, si zaidi: fedha zilizopo na zitatosha wiki ngapi, mauzo, asilimia ya faida ghafi, siku za wadaiwa, na namba moja ya pekee kwa biashara hiyo, kama vitanda vilivyolala wageni kwa hoteli au tripu kwa mwenye malori. Kando ya kila namba andika ya mwezi uliopita. Chini andika maswali mawili unayotaka yaamuliwe siku hiyo.

Anza kwa kumuuliza yeye mwezi ulikwendaje, kabla hujafungua mdomo. Atakuambia jambo ambalo halimo kwenye vitabu, na mara nyingi jambo hilo ndilo linaloeleza namba zako.

Lugha ni kitu cha kuchunga. "Mtaji wa uendeshaji umeongezeka" ni sentensi ya darasani. "Fedha zako milioni 22.5 ziko stoo na mikononi mwa wateja" ni sentensi inayomfanya mtu ainuke kitini. Ukishamaliza kusema jambo zito, nyamaza. Wahasibu tunauogopa ukimya, tunaujaza kwa maelezo. Mwache afikiri.

Kabla hamjaachana, andika mbele yake nani atafanya nini na kabla ya tarehe gani. Mkutano unaofuata uanze na karatasi hiyo.

Hatua ya 9: Mkataba na malipo

Ushauri usiingizwe kimyakimya ndani ya ada ya uhasibu. Andaa barua ya makubaliano iliyo peke yake. Iseme huduma ni zipi, mara ngapi, mteja atatoa taarifa gani na lini, nani anafanya maamuzi (mteja, siku zote), na kwamba makisio ni makisio, si ahadi. Iseme pia mipaka ya dhamana yako na namna ya kuachana. Kisha ongea na kampuni ya bima yako, maana bima inayokulinda dhidi ya madai ya kazi ya uhasibu si lazima ifunike ushauri.

Kuhusu malipo, msimamo wangu ni ada ya mwezi isiyobadilika. Ukitoza kwa saa, mteja atasita kukupigia simu, na simu ambayo hakupiga ndiyo iliyokuwa na uamuzi mkubwa. Isitoshe, kadiri unavyoiva ndivyo unavyojibu haraka, na kutoza kwa saa kunakuadhibu kwa kuiva huko.

Ili uipate ada, kadiria saa za mwezi kwa ukweli: kufunga vitabu, kusasisha makisio, maandalizi, mkutano, simu za katikati. Zidisha kwa gharama yako ya saa pamoja na faida. Hapo umepata sakafu. Kisha angalia thamani ya maamuzi yanayojadiliwa. Ikiwa mnazungumzia kuachia milioni 22.5, ada iliyo juu ya sakafu ni ya haki kabisa. Ada inayotegemea asilimia ya matokeo naikwepa, kwa sababu inakushawishi upendekeze kinacholeta namba kubwa haraka, na kwa huduma fulani kanuni zinaikataza.

Mteja wa kwanza unaweza kumpa miezi mitatu ya majaribio kwa ada ndogo, ila iwe ada, na tarehe ya mwisho iandikwe. Ushauri wa bure hausikilizwi.

Hatua ya 10: Tafuta muda, na ujue pa kuishia

Mhasibu aliyebanwa na makaratasi hawezi kushauri. Mtu wa kuingiza miamala na kulinganisha hesabu za benki anaweza kufundishwa. Mpe kazi hiyo, wewe ubaki kuipitia. Tengeneza kiolezo kimoja cha makisio na kimoja cha ukurasa wa mwezi, uvitumie kwa kila mteja. Tenga siku mbili za wiki kwa ushauri na usiziguse hata msimu wa kodi. Kwa mtu mmoja mwenye msaidizi, wateja wanne au watano wa ushauri wa kila mwezi ni mzigo wa kutosha kuanzia. Na kama una mteja anayekulipa kidogo, anayechelewa, na anayekupigia kelele, huu ndio wakati wa kumtafutia mhasibu mwingine kwa heshima.

Mipaka ya ujuzi nayo ni ya kweli. Mikataba ya wanahisa, kesi za kazi, tathmini ya ardhi, dhamana za uwekezaji: hayo yana wataalamu wake, na baadhi yanahitaji leseni. Mtandao wa watu watano unaoweza kuwapigia simu una thamani kuliko kujifanya unajua. Umahiri ni mmoja wa misingi mitano niliyoitaja. Kushauri usilolijua ni kuuvunja.

Hatua ya 11: Weka daftari la ushauri wako

Fungua daftari kwa ajili yako, tofauti na faili la mteja. Kila unaposhauri jambo, andika tarehe, ulichosema, namba ulizotegemea, na ulichotarajia kitokee. Baada ya miezi sita rudi uandike kilichotokea.

Langu la mwaka wa kwanza na yule mama linasema siku za wadaiwa zilishuka kutoka 52 hadi 43, na nilikuwa nimetarajia 40. Siku za bidhaa zilishuka hadi 63 tu. Nilikuwa nimeandika 55. Nilidhani bidhaa zilizolala zingeuzika kwa punguzo la asilimia 20, na sikuuliza kama mafundi bado wanazitumia. Tangu hapo, kabla sijaandika lengo lolote la bidhaa, nashuka stoo nikiwa na muuzaji wa kaunta, tunapita rafu kwa rafu, naye ananiambia kipi kiliacha kuulizwa na tangu lini.